Mshale wa Kaskazini

Ebenezer Ndahani alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hospitali ya mkoa haikuwa na dawa yake: hakuweza kutupa kitu. Msumari uliopinda aliunyoosha kwa nyundo. Bahasha ya serikali aliigeuza ndani nje, akaibandika kwa uji wa uwele, ikasafiri tena mpaka Kondoa. Na karatasi za kuchorea ramani, zile ngumu zinazopitisha mwanga, alizikwangua kwa wembe mpaka wino wote ukatoka, kisha akachora jengo jipya pale lilipokuwa la zamani. Vijana wa ofisini walimcheka. Alicheka nao kidogo, akarudi kukwangua.

Asidhaniwe bahili. Alipoanza kazi ya uchoraji katika ofisi ya majengo mjini Dodoma, makao makuu ya nchi yalikuwa yameshahamishiwa huko kwa maneno, ila vitu vyenyewe vilikuwa bado njiani, na karatasi ilikuwa mojawapo ya vitu hivyo. Ilifika miaka ambayo karatasi ya ramani ilikuwa adimu kuliko sukari, na mchoraji aliyeichana kwa uzembe alitazamwa kama mtu aliyemwaga maziwa ya mtoto. Baadaye ikaja ruksa ya kuagiza bidhaa kutoka nje. Maduka yakajaa, stoo ya ofisi nayo ikajaa, lakini mkono wa Ebenezer ulikuwa umeshazoea wembe.

Hiyo ruksa ilileta na mambo mengine ambayo hakuyapenda, wala hakuficha. Kila aliyepata kiwanja alitaka nyumba ya vioo. Vioo, Dodoma! Mtu anajenga jiko, anaingia ndani yake, halafu anatafuta feni ya kumpoza, na umeme wenyewe unakatika kila siku. Ebenezer alikuwa Mgogo wa Kigwe, alizaliwa ndani ya tembe, nyumba ya chini yenye paa la udongo na kuta nene, na alikumbuka jinsi ndani yake kulivyokuwa na ubaridi wa mtungi hata jua la Oktoba lilipokuwa linapasua ardhi. Hakuwa anataka watu warudi kwenye tembe. Alitaka wachoraji waulize tembe lilijua nini kuhusu jua. Alisema nyumba ichorwe kwa ajili ya mtu atakayebaki nayo: tofali la udongo wa papo hapo lililoshindiliwa kwa mashine ya mkono, si la kuchoma linalomaliza miti, dirisha la mbao, si la kioo ambacho kikivunjika hakuna wa kukirudisha, na kila kitu kiwe ambacho aliyekijenga anaweza kukitengeneza mwenyewe.

Maneno hayo alikuwa akimwambia mzee Chandrakant, maana ndiye aliyekuwa na muda wa kuyasikiliza. Chumba cha ramani kilikuwa na meza mbili, na kwa miaka kumi na sita ile ya dirishani ilikuwa ya Chandrakant, mchoraji mwenye maandishi mazuri kama ya kitabu. Pembeni mwa kila ramani palikuwa na nafasi mbili za sahihi: aliyechora na aliyekagua. Mmoja akichora, mwingine anakagua, na hapakuwa na kosa ambalo Chandrakant hakuliona. Mwaka 1991 alistaafu, akawafuata wanawe ng'ambo. Nafasi yake haikujazwa, kwa sababu serikali wakati huo ilikuwa inapunguza watu, haiongezi.

Basi Ebenezer akawa anachora mwenyewe na kukagua mwenyewe. Sahihi ya kwanza aliitia kwa wino mweusi, ya pili kwa wino wa bluu, angalau ionekane kuna watu wawili. Lakini kujikagua ni sawa na kujinyoa kisogo.

Nyumbani hali ilikuwa hiyohiyo. Mkewe, Debora, alifariki mwaka 1988. Binti yao, Hana, aliolewa Mbeya, akawa anaandika barua kila Krismasi. Jumamosi, siku ambayo haikuwa na kazi, Ebenezer alikwenda ofisini hata hivyo, akafungua dirisha, akachonga penseli ambazo zilikuwa zimeshachongwa. Alikuwa mpweke, na alijua. Kilichomweka wima ni kile chumba chenye meza mbili.

Mwaka 1992 ofisi ikapata wafadhili wa kujenga zahanati sita vijijini. Ebenezer aliomba mpaka akakaribia kupiga magoti: moja tu, ya kwanza, ijengwe kwa mtindo wake. Ikifaa, nyingine tano zifuate. Mkuu wake, Injinia William, kijana wa miaka thelathini na nane mwenye haraka lakini si mbaya wa roho, akakubali. Kijiji kilikuwa Chilendu, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka stesheni ya Gulwe. Fundi alikuwa mwashi wa hapohapo, anaitwa Filipo.

Ebenezer aliichora ile zahanati kwa miezi miwili. Ubavu wake mrefu, wenye madirisha, utazame kaskazini na kusini, ambako jua haliingii kwa hasira. Ncha zake fupi, zisizo na dirisha hata moja, zipokee upepo wa mashariki na jua la magharibi. Hilo ndilo lililokuwa moyo wa kazi yote. Hela ya kwenda kusimamia ujenzi haikupatikana, kwa hiyo nakala ya ramani ikatumwa kwa treni, na Chilendu wakajenga.

Oktoba 1994, zahanati ikiwa na mwaka mmoja, ikaja barua kutoka kwa muuguzi wake, mkunga mmoja wa Kondoa anayeitwa Mwantum. Aliandika kwa adabu, lakini hakuzunguka. Chumba cha kujifungulia hakikaliki kuanzia saa saba mchana. Asubuhi upepo unaleta vumbi mpaka kwenye vyombo. Akina mama wanakataa kuingia, wanajifungulia nje, nyuma ya turubai.

Injinia William alimwita Ebenezer, akafunga mlango.

"Mzee, mimi sikulaumu wewe. Ramani yako naijua. Yule fundi wa kijijini ameligeuza jengo, hajui hata kaskazini iko wapi. Nenda kaandike ripoti. Tumwondoe, hizo tano tumpe kontrakta wa mjini, ajenge kwa tofali za saruji tuachane na mambo ya udongo."

"Nimekusikia, Injinia."

"Na jingine. Orodha ya kupunguza wafanyakazi inakwenda wizarani mwisho wa mwezi ujao. Nimekutetea. Nimewaambia bila wewe hakuna chumba cha ramani. Kwa hiyo ripoti yako iwe safi."

Ebenezer akapanda treni akiwa amemkasirikia Filipo kwelikweli. Kazi ya miezi miwili, wazo la maisha yake, limeharibiwa na mtu mmoja asiyejua kusoma mshale!

Filipo alimpokea Gulwe na baiskeli. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mwenye viganja vilivyopasuka kwa saruji.

"Mbukwa," alimsalimia kwa Kigogo.

"Mbukwa," alijibu Ebenezer, bila kutabasamu.

Filipo alifunga mfuko wa mgeni nyuma ya baiskeli, akaisukuma, wakatembea. Njiani alieleza mwenyewe bila kuulizwa. Kijijini walikuwa wanasema aliuza saruji ya kuchanganya na udongo, ndiyo maana jengo likawa bovu. Wengine walisema alilipwa na mganga. Mke wake alikuwa akienda kisimani baada ya wenzake wote kuondoka, kwa sababu ya maneno.

"Mimi nimejenga tangu nina miaka kumi na mitano, mzee. Sijawahi kuitwa mwizi."

Ebenezer alitazama njia. Alikuwa bado na hasira zake.

Walifika saa nane. Mwantum alitoka kwenye kivuli cha turubai, akanawa mikono. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Ingia uone mwenyewe. Mimi sina la kuongeza."

Ebenezer aliingia chumba cha kujifungulia, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Jua la magharibi lilikuwa limeingia kwa madirisha yote matatu. Ukuta wenyewe ulikuwa mzuri, matofali yamenyooka, hakuna ufa. Filipo alijenga vizuri kuliko Ebenezer alivyothubutu kutumaini. Ila jengo zima lilikuwa limegeuzwa robo ya mzunguko, kama mtu aliyelazwa kitandani kwa kukingama. Jasho likamtiririka mpaka kwenye soksi. Nje, nyuma ya turubai, mwanamke alikuwa anaugulia uchungu, na mwenzake alikuwa akimpepea kwa sinia.

Jioni Filipo alimkaribisha kwake. Mke wake alileta ugali wa uwele na mlenda, wakanawa, wakala sahani moja. Walipomaliza, Filipo alileta nakala ya ramani aliyoihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni, akaikunjua mkekani kwa uangalifu wa mtu anayefungua nguo ya harusi.

"Nionyeshe mzee. Nimekosea wapi?"

Ebenezer aliinama. Kuta ni zake, milango ni yake, maandishi ni yake. Kisha akautazama mshale wa kaskazini, kwenye pembe ya juu, unaelekea kulia, si juu. Ulikuwa na kiduara kidogo mkiani.

Yeye hakuwahi kuchora kiduara mkiani. Aliyekuwa akichora hivyo ni mtu mmoja tu duniani.

Akakumbuka mara moja. Ile karatasi ilikuwa ya ghala la mahindi ambalo Chandrakant alilichora miaka tisa nyuma. Ebenezer alikwangua kuta za ghala, milango ya ghala, jina la ghala. Mshale hakuukwangua. Ulikuwa umekaa palepale ambapo mishale hukaa siku zote, jicho lake likaupita kama linavyompita mtu wa nyumbani. Kisha akatia sahihi nyeusi, akatia na ya bluu. Filipo hakukosea hata inchi moja. Alifuata mshale.

Wakati huo alipaswa kusema. Maneno hayakuwa mengi: ni mimi. Lakini nyuma ya maneno hayo aliiona orodha ya Injinia William, na kile chumba kimefungwa, na Jumamosi zisizo na mahali pa kwenda. Akaogopa. Tuseme lilivyo, mtu mzima wa miaka hamsini na tatu aliogopa.

"Nitaiangalia vizuri nikifika ofisini," alisema.

Filipo aliikunja ramani, akairudisha kwenye nailoni. "Sawa, mzee. Wewe ndiye unayejua."

Ebenezer alilala kwa Filipo siku mbili, akala kwake, akapima kuta ambazo hazikuhitaji kupimwa, akaondoka.

Ofisini alitoa ile karatasi halisi aliyoikwangua, akaishika juu ya kioo cha dirisha. Mistari ya ghala ilikuwepo, imefifia, na ule mshale mweusi kabisa. Aliugusa kwa kidole. Chandrakant angekuwepo angecheka kwanza, mpaka miwani imdondoke, kisha angesema, haya, tunafanyaje sasa? Ebenezer aligeuka kwenye ile meza ya pili. Ilikuwa na mafaili na birika bovu. Akajisikia kulia, na kwa kuwa hapakuwa na wa kumwona, alilia.

Halafu akaandika ripoti: fundi Filipo hakuzingatia mwelekeo. Sentensi yenyewe ilimchukua siku nzima. Akaipeleka kwa Cecilia, mpiga chapa, mama mmoja mtulivu ambaye barua zote za ofisi ile zilipita mikononi mwake, na ile orodha pia.

Cecilia aliisoma kabla ya kuichapa, kama ilivyo desturi yake. "Baba, huyu Filipo ana watoto?"

"Wanne. Kwa nini?"

"Basi tu. Siku hizi nachapa majina mengi ya watu, nikichapa huwa nawafikiria." Akaingiza karatasi kwenye mashine.

Ebenezer alisimama pale akisikiliza herufi zinagonga. Zilipofika kwenye jina, alinyoosha mkono, akasema samahani mama, akaichomoa karatasi. Cecilia akaingiza karatasi nyingine.

Alikwenda moja kwa moja kwa Injinia William, akatandaza ramani mezani, akamwonyesha mshale. Alieleza yote: wembe, ghala, wino mweusi, wino wa bluu. Injinia alisikiliza huku akishika kichwa.

"Mzee, nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi kwa nini unaniambia?"

"Kwa sababu fundi amejenga nilichochora. Tofali zake ni imara, kuta hazina ufa. Kama ni kugeuka, nimegeuka mimi. Ukiandika kwamba udongo umeshindwa, utakuwa uongo, na vijiji vitano vitajengewa majiko ya saruji kwa sababu ya uongo wangu. Mpe Filipo hizo tano."

Injinia William aliivuta ramani karibu, akaziangalia zile sahihi mbili. "Mtu aliyejikagua mwenyewe. Wizarani siwezi kulitetea hili. Unajua?"

"Najua."

"Mwiba wa kujidunga, mzee," alisema Injinia, na hakulisema kwa kejeli. Macho yake yalikuwa mekundu. "Lakini tano nitampa. Nakuahidi."

Na ahadi aliitimiza. Katikati ya Desemba orodha ilirudi ikiwa na jina la Ebenezer, naye akapewa wiki sita za mwisho, akazitumia kuchora upya. Alikwenda stoo, akatia sahihi daftarini, akapewa karatasi mpya, ya kwanza baada ya miaka mingi, akachora zahanati ileile. Ilipofika zamu ya mshale, alikaa na kalamu mkononi asubuhi nzima. Mwishowe hakuchora mshale wowote. Mahali pake aliandika: Kabla ya kusimika vigingi, mwulizeni fundi na wazee wa kijiji upepo unatoka wapi na jua linaunguza upande upi. Ncha zisizo na madirisha zielekezwe huko. Injinia aliisoma mara mbili, akaweka sahihi yake kwenye nafasi ya mkaguzi. Mwisho wa Januari chumba cha ramani kikafungwa kwa kufuli, na Ebenezer akapewa barua ya shukrani yenye mistari minne.

Februari alipanda treni kwa nauli yake mwenyewe. Aliomba mwenyekiti wa kijiji awaite watu, wakaja, wakasimama mbele ya zahanati. Filipo alikuwa ameshaanza kujenga baraza pana upande wa magharibi ili kuzuia jua, na madirisha mawili alikuwa ameyaziba kwa tofali. Ebenezer alisimama, akavua kofia. Aliwaambia kwamba kosa ni lake. Filipo hakuuza saruji, hakulipwa na mtu, alijenga kilichokuwa kwenye karatasi, na karatasi ilikuwa mbovu. Alisema kwa Kiswahili, kisha akarudia kwa Kigogo ili bibi wa mwisho kabisa asikie. Mke wa Filipo alikuwa amesimama nyuma. Wanawake wawili wa kisimani walisogea, wakasimama karibu naye. Mwantum alisema taratibu, "Mficha uchi hazai, baba. Umefanya vizuri."

Filipo alingoja watu watawanyike. Alipokea ramani mpya, akasoma yale maneno yaliyokuwa mahali pa mshale, akasogeza midomo.

"Mzee, nikuambie jambo," alisema. "Siku ya kwanza, kabla sijafungua ile karatasi yako, nilisimika vigingi kama baba yangu angevisimika. Mgongo kwenye upepo. Nikavuta kamba, nikaridhika. Ndipo nikaifungua karatasi. Nikaona mshale. Nikaving'oa vyote."

"Ulijua?"

"Nilijua. Lakini nikasema, huyu ni mtu wa Dodoma, amesoma, lazima ameona kitu ambacho mimi sikioni."

"Mbona hukuniandikia ukaniuliza?"

"Na wewe mbona hukuniuliza?"

Ebenezer aliigeuza kofia yake mikononi. Alisema, "Nisamehe, Filipo."

"Mshale nimekusamehe. Kila mtu hukosea." Filipo alikunja ramani. "Ila ulikaa kwangu siku mbili. Nilikuuliza, na ulikuwa umeshajua. Ulikula ugali wangu huku unajua. Hilo bado. Labda litakuja, lakini leo bado. Leo usile kwangu."

Kwa Mgogo hilo si neno dogo. Ebenezer aliinamisha kichwa, akakubali, kwa kuwa lilikuwa haki.

Hata hivyo Filipo hakumwacha aende peke yake, maana mgeni husindikizwa. Alitundika mfuko wa Ebenezer kwenye baiskeli, akaisukuma, wakatembea saa tatu karibu bila kuongea, wakikwepa madimbwi ya mvua. Upepo ulikuwa mara nyuma yao, mara ubavuni, kila njia ilipopinda, na kwa mara ya kwanza Ebenezer aliona kwamba mwenzake kila mara alihamisha baiskeli upande mwingine ili yeye na baiskeli wamkinge mgeni na upepo.

Stesheni ya Gulwe ilikuwa na watu wachache na treni ilikuwa bado. Filipo alimkabidhi mfuko. Aliangalia reli, akatafuta neno la kuagana, neno la kawaida tu, ili wasiachane vibaya.

"Kesho kazini unaingia saa ngapi?"

Ebenezer aliona kwamba Filipo hajui. Hakuna aliyemwambia. Na akaona pia kwamba akimwambia sasa, msamaha ule uliokuwa haujaiva angekuwa anauchuma kwa nguvu.

"Saa moja na nusu," alisema, "kama kawaida."

"Basi usichelewe," alisema Filipo, akageuza baiskeli.